Damu ya Mtalii, Shingo ya Garbin

Nîmes, 21 Septemba 1983

Kwa Bi. Noëlie Roustan,
Mmiliki wa Mafahali, Shamba la Matete,
Saint-Gélin.

Mheshimiwa Bibi,

YAHUSU: DAI LA KUCHINJWA KWA FAHALI GARBIN

Kwa heshima anayostahili mfugaji mwenye jina kama lako, na kwa huzuni isiyopungua heshima hiyo, mimi Fulgence Astier, dereva na kiongozi wa watalii, niliyejifunza kuandika barua za haki kwa kusoma za wengine wala si kwa kufundishwa, naleta mbele yako dai lililo wazi. Fahali wako ameua mtu. Mjane wa mtu huyo anataka fahali huyo afe. Nami nimemwapia mjane, mkono wangu ukiwa juu ya jeneza, kwamba atakufa.

Uliniona Jumapili ile, ijapokuwa hatukuzungumza. Ni mimi niliyevua koti nikaufunika uso wa marehemu.

Ili isije ikasemwa kwamba nimepindisha, naeleza kwa mpangilio. Kikundi changu kilikuwa cha wasafiri sita: Bwana Gaétan Lemerle, muuza nyama wa Roubaix, na mkewe Clothilde, mfamasia mmoja na mkewe, na madada wawili wa ukoo wa Quesnel, walimu wastaafu. Tulianzia Lyon, tukateremka na mto hadi Avignon, tukalala Arles, na baada ya miji na mawe yake nikawaleta mashambani, kwa kuwa mtu aliyeona makanisa tu hajaiona nchi. Jumamosi tukafika Saint-Gélin. Katika nyumba ya wageni tulipakuliwa mchuzi wa nyama ya fahali uliopikwa kwa mvinyo, na vijana wa kijiji walikuwa wakinywa kaunta. Bwana Lemerle, ambaye utani wake ulikuwa mzito kama mikono yake, aliinua uma akasema kwa sauti:

“Hii ndiyo nyama mnayoiimbia? Kwetu tungempa mbwa, na mbwa angeomba chumvi.”

Kijana mmoja, aliyenipa mgongo, akamjibu: “Kula taratibu, mzee. Huyo uliye naye kinywani alikuwa mpole. Garbin bado hujamwona.”

“Garbin ndiyo nani? Mchumba wako?”

Watu wakacheka, na wenzake wa kaunta wakacheka kuliko wote. Kijana akangoja wanyamaze. “Garbin ndiye atakayepita kesho mbele ya duka la mikate. Ukiwa mwanamume simama pale konani. Usijifiche nyuma ya vyuma vya kuzuia fahali na hawa bibi zako.”

“Nitasimama, tena na kisu changu cha kuchunia. We njoo na beseni la damu.”

Asubuhi nilimsihi asimame nyuma ya vizuizi. Akaniambia: “Fulgence, mimi nimeshachinja wengi kuliko waliozaliwa kijijini humu. Endesha gari lako.”

Kilichofuata ulikiona ukiwa juu ya farasi wako mwenyewe. Wapanda farasi walikuwa wakiwapitisha mafahali kijijini kwa ajili ya sherehe, wamewabana katikati, kama ilivyo desturi, na vijana walikuwa wakikimbia pembeni kutaka kuivunja ngome ile ya farasi, kama ilivyo desturi pia. Mbele ya duka la mikate ngome ikavunjika, Garbin akatoka peke yake. Pembe iliingia juu ya paja la Bwana Lemerle ikatokea kiunoni. Akabebwa hadi mlangoni pa duka, akabamizwa ukutani tena na tena, mkewe akiwa ameung'ang'ania mguu wake. Damu iliruka hadi kwenye vikapu vya mikate. Bi. Clothilde alijaribu kuuziba mshipa kwa ngumi, ngumi yote ikazama. Mumewe alikufa akimtazama, midomo ikihangaika kumaliza utani aliokuwa ameuanza.

Hivyo basi, naomba umkabidhi fahali huyo kwa machinjio ya wilaya, mbele ya mashahidi, ili damu ilipwe na aliyeimwaga.

Mtetezi wa haki ya marehemu,
Fulgence Astier


Shamba la Matete, 27 Septemba 1983

Bwana Astier,

Barua yako imepigwa pasi vizuri, haina kunyanzi hata moja. Jibu langu lina neno moja: hapana.

Kama ungekuwa mtu wa Paris ningekueleza. Lakini umeandika kutoka Nîmes, na jina la Astier ni jina la huku. Basi unajua, na unajifanya hujui. Kwenye mabango ya sherehe jina la Garbin huandikwa juu, kwa herufi kubwa, na langu chini yake, kwa herufi za kusomwa kwa miwani. Vijana stadi wanaokuja uwanjani kumpokonya utepe uliofungwa kwenye pembe zake hutoka wamechanika, na hupanga foleni kurudi. Fahali asiyechoma tunamla. Anayechoma tunamlisha mpaka meno yamtoke, na siku akifa anachimbiwa shimo refu, anazikwa wima, kichwa kikielekea baharini. Mimi nitazikwa nimelala. Yeye atazikwa amesimama.

Tena nikuongezee, maana naona unapenda mpangilio. Mume wangu Honorat alifunguliwa tumbo na babu yake Garbin, katika zizi lilelile ninaloliona kutoka mezani hapa. Nilimrudishia matumbo ndani kwa aproni yangu, na hayakukaa. Kesho yake asubuhi nilimpelekea nyasi yule aliyemuua. Nikampelekea kila asubuhi mpaka akafa kwa uzee. Hakuna aliyeniletea barua.

Mpe mjane pole yangu, ni pole ya kweli. Lakini mwambie mumewe alialikwa na mdomo wake mwenyewe.

Na huyo kijana aliyejibizana naye, unasema alikupa mgongo. Uso hukuuona kabisa?

Noëlie Roustan


Nîmes, 6 Oktoba 1983

Mheshimiwa Bibi,

YAHUSU: HABARI NJEMA KWA FAHALI WAKO

Nimeipokea barua yako na sikuona haja ya kuijibu kwa hasira, kwa sababu hasira niliyokwisha kuipata kwa upande mwingine inanitosha. Juzi Bwana Octave, kaka yake mjane, aliwasili pamoja naye kutoka Roubaix. Naye ni mchinjaji. Nilimsomea jibu lako sebuleni kwangu, neno kwa neno, kwa kuwa sijajifunza kupunguza maneno ya mtu. Nilipofika pale penye nyasi za kila asubuhi, akanishika kwa tai.

“Kwa hiyo dudu linakula nyasi, na Gaétan anakula udongo? Na we unasoma tu, unasoma kama padri?”

“Bwana Octave, mimi ni mjumbe.”

“Mjumbe hauawi, sio? Lakini anapigwa!”

Alinipiga kwa paji la uso wake, pua ikavunjika, kisha akanipiga kwa kiti changu mwenyewe hadi mguu wa kiti ukang'oka. Bi. Clothilde hakumzuia. Aliketi na mkoba wake mapajani akasema: “Bwana Fulgence, uliapa.” Ni maneno hayo, Bibi, wala si kile kiti, ambayo yamenilaza kitandani.

Sasa nakuja kwenye jambo litakalokufurahisha. Mwalimu Berthe Quesnel, yule mkubwa wa madada wale, ameniandikia. Jumapili ile hakushuka barabarani kwa sababu ya magoti. Alitazama kutoka dirisha la juu la nyumba ya wageni, mkabala na duka la mikate. Anasema kabla ya farasi kutokea alimwona kijana mwenye skafu nyekundu akikijia kizuizi cha ile kona, akaifungua ndoano, akakisogeza kando, akasimama akingoja. Msafara ulipofika, kijana yuleyule akapenya katikati ya farasi, akaudaka mkia wa Garbin, akaning'inia, akamgeuza fahali kuelekea konani. Hakuwaambia polisi kwa sababu alidhani yote hayo ni sehemu ya desturi. Mkia ni desturi, hilo nalijua. Ndoano si desturi.

Unaona mambo yanavyobadilika. Ikiwa kijana huyo atapatikana, basi fahali wako hakuua. Alitumiwa, kama kisu kinavyotumiwa, na hakuna mahakama inayokinyonga kisu. Nitakuwa wa kwanza kumweleza mjane, naye ni mwanamke wa haki, ataelewa. Uso wa kijana wa kaunta sikuuona, kwa bahati mbaya, ila sauti yake ningeitambua. Wewe unawajua vijana wote wa Saint-Gélin. Naomba basi unisaidie kumtafuta mwenye skafu nyekundu, nasi tutamwokoa Garbin pamoja.

Kwa matumaini,
Fulgence Astier


Shamba la Matete, 10 Oktoba 1983

Bwana Astier,

Mchukueni.

Nimeshazungumza na machinjio. Gari litakuja siku watakayopanga. Sitaki tena hoja, wala mashahidi, wala huyo mwalimu wako wa dirishani. Mjane alitaka kichwa, kichwa hicho. Baada ya hapo jambo limekwisha, na asiulizwe mtu yeyote neno lolote. Naomba uniandikie kwa mkono wako kwamba limekwisha.

N. Roustan


Nîmes, 18 Oktoba 1983

Mheshimiwa Bibi,

YAHUSU: KUKATALIWA KWA FAHALI

Barua yako niliisoma nikafurahi. Nikaisoma tena kesho yake nikiwa nanyoa ndevu, nikajikata.

Mimi ni mtoto wa huku, kama ulivyosema. Baba yangu alikuwa akibeba chumvi kwa punda katika mashamba yanayopakana na ya kwenu, na nimewaona wafugaji wakifilisika. Nimewaona wakiuza shamba, wakiuza farasi, wakiuza kitanda walichozalia watoto, lakini sijapata kumwona hata mmoja akimpeleka machinjioni fahali mwenye jina. Nawe ndiye mwanamke aliyemlisha muuaji wa mumewe hadi uzee. Nilipokudai Garbin kwa ukali, ulinicheka. Nilipokuletea njia ya kumwokoa, ukamtoa siku ileile. Nilikuletea ngao, Bibi, na badala ya kuishika umeitoa shingo ya Garbin. Mtu hafanyi hivyo isipokuwa nyuma yake kuna kitu anachokipenda kuliko hiyo shingo.

Nimeulizia, kwa adabu. Nimeambiwa una mwana mmoja tu, Aurélien. Nimeambiwa kwamba mama yake Garbin alipofia kwenye tope, ni Aurélien aliyemlea ndama yule kwa chupa, akalala naye kwenye majani. Nimeambiwa huvaa skafu nyekundu.

Sihukumu. Nauliza, na swali langu ni moja: ni nani aliyeifungua ndoano?

Hadi hapo nitakapojibiwa, fahali simtaki. Niliapa kwamba fahali atakufa kwa kuwa nilidhani ndiye muuaji. Sikuapa kwamba mtu yeyote mwenye pembe atalipa kwa niaba ya muuaji.

Fulgence Astier


Shamba la Matete, 21 Oktoba 1983

Astier,

Umelitaja jina la mwanangu kwa wino. Usilitaje tena.

Wewe umezaa? Nimeulizia na mimi, kwa adabu: hujazaa. Basi usinifundishe ngao ni nini. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nawe hujui hata uchungu wa paka.

Siku ile mwanangu alikuwa amelala na homa. Nitaapa hivyo, na wapanda farasi wangu wote wataapa hivyo, na padri akitaka ataapa. Mwalimu wako ana magoti mabovu na macho mabovu. Garbin atachinjwa utake usitake. Nimemwandikia mjane mwenyewe nimwalike aje kutazama, maana naona wewe umegeuka kuwa kizibo kati yetu.

Barabara ya kutoka Nîmes kuja huku inapita kando ya mfereji. Ni nyembamba. Endesha kwa uangalifu, au usiendeshe kabisa.

N. R.


Arles, hospitalini, 9 Novemba 1983

Mheshimiwa Bibi,

YAHUSU: WATU WANNE KANDO YA MFEREJI

Naomba radhi kwa mwandiko. Mkono wa kulia umefungwa, na huu wa kushoto haujapata kuandika barua rasmi.

Nilikuwa nakuja kwako, ili tuzungumze uso kwa uso kama watu wazima. Walinifungia njia kwa farasi. Gari langu, ambalo ndilo shamba langu na ndilo zizi langu, walilisukumia mferejini likiwa na mlango wazi, na kitabu cha ramani kikaelea. Kisha wakanishughulikia kwa mipini ya ile mikuki yenu ya meno matatu. Walijua kazi, kwa kuwa hawakunigusa kichwa. Walivunja mkono, mbavu na kifundo cha mguu. Mmoja alihema akaniambia: “Hii inatoka kwa Mama Roustan. Ukirudi, ya pili itatoka kwangu mwenyewe.” Mwingine alikuwa akicheka: “Mwandikie tena! Mwandikie tuone! Anza na ‘Mheshimiwa’!”

Lakini wa nne hakunipiga. Alisimama kando ya farasi wake, mikono imelegea. Nilipoanza kutapika damu akasema: “Basi, jamani. Mwacheni. Inatosha, mtamuua.” Mwenzake akamwuliza: “Kwani wewe ndo wa kusema inatosha?” Akalia. Sauti ile, Bibi, ndiyo niliyoisikia mezani ikisema: “Garbin bado hujamwona.”

Polisi walipokuja hapa kitandani niliwaambia kwamba niliteleza. Usinishukuru. Nikiwataja waliotumwa, atakamatwa mama kabla ya mwana, nami sitaki haki ianzie mkiani. Tena sitaki nimpeleke mimi. Mtu aliyeweza kulia kando ya mfereji anaweza kutembea mwenyewe. Namwandikia kupitia kwako maneno haya machache, na nakuomba, kama bado unaheshimu kitu chochote, umsomee:

Aurélien, kuna mwanamke Roubaix anayefua sketi ileile kila wiki, na maji hayajawahi kutoka meupe. Hajui anamchukia nani. Unaweza kumwambia.

Fulgence Astier


Roubaix, 16 Novemba 1983

Kwa Bi. Roustan,

Nimepata mwaliko wako. Nitakuja. Octave atakuja pia, na amesema ataleta visu vyake, kwa sababu hataki mnyama huyo auawe na mtu asiyekuwa na uchungu naye.

Unaniuliza kama baada ya hapo nitaridhika. Sijui. Mume wangu alikuwa mtu wa kelele, alikuwa akinikera mezani kila siku, na sasa ninakula nikiwa nimewasha redio. Nataka tu nimwone aliyefanya hivi akianguka. Nataka nisikie mlio.

Bwana Fulgence ameniandikia niahirishe. Hakusema kwa nini. Nadhani amepigwa sana, akili imechoka.

Clothilde Lemerle


Shamba la Matete, 2 Desemba 1983

Bwana Astier,

Barua yako ya kutoka hospitalini sikumsomea. Niliitia motoni jikoni, nikaitazama mpaka ikawa majivu. Wewe hukumfikia, mtu asije akakudanganya kwamba kalamu yako ndiyo iliyofanya kazi hii. Nakuandikia kwa kuwa hakuna mwingine ninayeweza kumwandikia, na kwa kuwa waliokuvunja mkono niliwatuma mimi. Hilo nimeshalisema polisi. Wamelichukua kama watu wanaochukua mwavuli wa mgeni, wakaliweka kando.

Siku ya gari nilikuwa nimemtuma Aurélien mbali, Arles, nikamwambia akachukue hatamu mpya. Alikuwa hajui siku iliyopangwa. Nadhani fundi wa hatamu alimwambia, au labda alinisoma usoni. Mwanangu hunisoma kama wanavyosoma mawingu. Ukungu ulikuwa umeshuka. Gari la machinjio liliingia kinyumenyume hadi langoni pa zizi, dereva akashusha ule ubao wa kupandia. Mjane alikuwa amesimama pembeni, nguo nyeusi, mkoba mikononi. Kaka yake alikuwa amekunjua aproni juu ya jiwe na kupanga visu vyake kama mtu anayetandika meza. Garbin alikuwa ndani ya zizi, anatutazama, mvuke unamtoka puani. Nilikuwa na mkuki wangu kwa ajili ya kumswaga.

Ndipo Aurélien akatokea kwenye ukungu, anahema, akapanda juu ya lango, akaketi.

“Teremka,” nikamwambia.

“Gari litoke kwanza.”

“Aurélien, mbele ya wageni. Teremka.”

“Amefanya nini huyu, Mama? Wewe niambie. Amefanya nini?”

Octave akadakia: “Ameua shemeji yangu, hilo dudu lenu! Toka hapo, dogo, nisije nikaanza na wewe.”

“Sio yeye, bwana. Ni mi—”

Nikampiga. Neno lilikuwa bado mdomoni, nikampiga nalo palepale, kwa mpini. Alianguka kutoka langoni, akainuka, akatema meno kwenye kiganja, akayatazama kana kwamba ni ya mtu mwingine.

“Ana homa!” nikapiga kelele. “Mtoto ana homa, msimsikilize!”

“Nipige tena, Mama,” akasema. “Bado naweza kusema.”

Nikampiga tena. Safari hii nilipiga begani, mtulinga ukalia kama kuni mbichi, na mpini ukavunjika mkononi mwangu. Yule dereva wa machinjio, mtu anayeamka kila siku kwenda kuua, akaziba macho. “Mama, jamani,” akasema, “unamuua.” Nami nilitaka kupiga ya tatu. Nakuambia wewe, Astier, kwa sababu umelala kitandani kwa ajili ya mikono yangu: nilitaka kuivunja taya yake isifunguke mpaka mahakama izeeke. Ila mkononi nilikuwa nimebaki na kipande.

Akasema akiwa chini, kwa mdomo uliojaa damu, akimtazama mjane peke yake.

“Ndoano niliifungua mimi. Mkia niliushika mimi. Nilitaka mzee akimbie, tucheke. Hakukimbia. Akateleza. Nikaona ameteleza, na mkia bado ninao mkononi. Ningevuta, Garbin angegeuka. Huwa anageuka nikivuta, tangu mdogo. Sikuvuta.”

“Kwa nini?” mjane akauliza. Aliuliza polepole, kama anayeuliza bei.

“Walikuwa wamenicheka. Kaunta.”

Octave akachukua kisu kirefu kutoka juu ya jiwe. Alikuja nacho moja kwa moja, na mimi nilikuwa mbali hatua chache tu, na miguu haikunyanyuka. Mungu ananijua, haikunyanyuka. Ni yule mwanamke aliyemdaka kaka yake. Alidaka upande wa makali. Kiganja kikachanika hadi mfupani, hakuachia.

“Octave,” akasema, “nimechoka kufua damu.”

Dereva akapandisha ubao wake, akawasha gari, akaondoka mtupu bila kuaga. Aurélien akasimama, akaufunga mkono wake shingoni kwa ile skafu nyekundu, akaenda polisi kwa miguu. Nilimfuata na gari, nikamwambia panda. Hakupanda. Nilikwenda nyuma yake mwendo wa mguu mpaka mjini, taa zimewaka mchana, na watu wa Saint-Gélin walitoka kwenye milango yao wakadhani ni mazishi. Hakuna aliyeuliza. Walijua wote, Bwana Astier. Tangu ile Jumapili walijua, na kila mmoja alikuwa akinisalimia kwa kichwa, kwa heshima, kwa jinsi nilivyokuwa nikimtetea fahali wangu.

Wakili anasema atakaa ndani miaka mingi, kwa sababu ya ile ndoano, na zaidi kwa sababu ya lile neno “sikuvuta” ambalo hakuna aliyemlazimisha kulisema na ambalo hataki kulifuta. Nilikwenda kumwona. Taya imevimba, hawezi kutafuna. Nilimwuliza jambo moja tu. Nilimwambia: mtu alikufa mbele yako, ukanyamaza, walimpiga mwongoza watalii mbele yako, ukalia, ukanyamaza, halafu ng'ombe ndiye akufungue mdomo? Akanijibu: “Yule mzee alijua kwa nini amesimama pale. Garbin hakujua.” Nilitaka kumpiga tena, kupitia nondo.

Bi. Clothilde amekwisha kurudi kwao, mkono umeshonwa. Hakuniaga. Kabla ya kuondoka alikwenda langoni akamtazama Garbin kwa muda mrefu, naye Garbin akamtazama, kisha akageuka akaenda kunywa maji. Mwanamke akasema, sijui kwa nani: “Hata hanikumbuki.”

Mnyama yuko hai. Ananenepa. Kamati ya sherehe wamekuja kuniuliza kama mwakani jina lake liwekwe juu ya mabango, kwa kuwa sasa watu watakuja kutoka hata Lyon kumwona, nami nikawafungulia mbwa. Kila asubuhi ninapompelekea nyasi anakuja mbio hadi langoni, ananusa mikono yangu, ananusa na nyuma yangu, kisha anasimama akitazama njia ya nyumbani. Hali nyasi mpaka nimeondoka.

Jana nilichukua bunduki ya Honorat, nikaijaza, nikaenda. Alikuja, kama kawaida yake, akaweka paji la uso kwenye ubao wa lango, hatua moja kutoka kwenye mtutu. Ilikuwa rahisi kuliko kuchinja kuku. Nilisimama pale mpaka mikono ikafa ganzi kwa baridi.

Nikarudi nayo ndani ikiwa imejaa. Nikimuua, mwanangu atakuwa amefungwa bure.

Noëlie Roustan